Nyotamkia, asteroidi na kimondo: maana, tofauti na matumizi

Maneno haya matatu huchanganywa mara kwa mara katika habari, katika vitabu vya kiada na hata katika tafsiri zilizokwisha kuhaririwa. Sababu mojawapo ni kwamba vitu vinavyotajwa na maneno hayo vina undugu: vyote ni masalia ya mata iliyounda mfumo wa Jua miaka takriban bilioni 4.6 iliyopita. Sababu nyingine imo katika lugha yenyewe. Neno kimondo limebeba maana zaidi ya moja kwa muda mrefu, na neno nyotamkia lina ndani yake neno nyota, ilhali kitu kinachotajwa si nyota hata kidogo.

Ufafanuzi kwa muhtasari

Nyotamkia (nomino, ngeli ya i-/zi-, pia nyota ya mkia, nyota yenye mkia, kometi): gimba la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka Jua kwa njia ndefu iliyobanwa, ambalo hutoa gesi na vumbi na kuota mkia linapolikaribia Jua.

Asteroidi (nomino, ngeli ya i-/zi-): gimba la mwamba au metali linalolizunguka Jua, dogo kuliko sayari, lisilotoa mkia kwa kawaida. Nyingi ziko kati ya obiti za Mirihi na Mshtarii.

Kimondo (nomino, ngeli ya ki-/vi-, huandikwa pia kimwondo): mwako unaopita angani kwa muda mfupi wakati kipande cha mwamba, metali au vumbi kutoka anga za juu kinapoingia katika angahewa ya Dunia kwa kasi kubwa. Kwa upanuzi wa maana, hutaja pia kipande chenyewe kabla ya kuwaka, na jiwe linalobaki baada ya kufika ardhini.

Asili ya maneno

Neno kometi lina chimbuko la Kigiriki lenye maana ya mwenye nywele ndefu. Wagiriki wa kale waliona nywele zilizotimka mahali ambapo Waswahili waliona mkia. Asteroidi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kinachofanana na nyota. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1802 na mwanaastronomia William Herschel, kwa kuwa magimba hayo yalionekana katika darubini yake kama vidoa vya nuru visivyo na umbo, mfano wa nyota. Meteori, neno ambalo baadhi ya waandishi hulitumia badala ya kimondo, lina mzizi unaomaanisha kilichoinuliwa juu angani. Zamani lilihusu kila tukio la angani, pamoja na mvua na upinde wa mvua. Ndiyo maana elimu ya hali ya hewa inaitwa meteorolojia, ingawa haishughuliki na vimondo.

Kimondo ni neno kongwe katika Kiswahili. Mzungumzaji wa kawaida anayeona mstari wa mwanga ukikatiza usiku husema nyota imeanguka au nyota imedondoka, na neno kimondo humpatia jina la kitu hicho. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamegusa sana fikra za watu wa pwani, vimondo hutajwa kuwa mienge wanayofukuziwa mashetani wanaotega sikio mbinguni. Matumizi hayo yanahifadhi sifa ya msingi ya neno: kinachotajwa ni moto unaopita, wala si gimba lililotulia mahali pake.

Nyotamkia

Kiini cha nyotamkia kwa kawaida kina upana wa kilomita chache tu. Kiini cha nyotamkia ya Halley, kilichopigwa picha na chombo Giotto mwaka 1986, kina urefu wa kilomita takriban 15. Kinapokuwa mbali na Jua, kiini hicho ni kama bonge jeusi la barafu chafu. Kinapolikaribia Jua, barafu hugeuka kuwa gesi moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na gesi hiyo hubeba vumbi. Hapo kiini huzungukwa na wingu jepesi linaloweza kuwa pana kuliko sayari, kisha mkia hutokea.

Mara nyingi mikia huwa miwili. Mkia wa vumbi ni mpana, umepinda, na una weupe wa manjano. Mkia wa gesi yenye chaji ya umeme ni mwembamba, umenyooka, na una rangi ya samawati. Yote miwili huelekea upande ulio mbali na Jua, kwa kuwa husukumwa na mwanga wa Jua na upepo wa chembe zake. Kwa hiyo nyotamkia inapoondoka kuelekea mbali na Jua, mkia wake hutangulia mbele. Mwandishi anayesema kwamba nyotamkia huburuta mkia nyuma yake daima amelifuata neno mkia na kuliacha jambo lenyewe.

Jambo jingine muhimu kwa mwandishi ni muda. Nyotamkia haipiti kwa kufumba na kufumbua. Mtazamaji huiona ikiwa kana kwamba imesimama kati ya nyota, ikichomoza na kutua pamoja nazo, na nafasi yake husogea kidogo kidogo usiku hadi usiku. Nyotamkia ya Hale-Bopp ilionekana kwa macho matupu kwa muda wa miezi takriban 18 kati ya mwaka 1996 na 1997.

Baadhi ya nyotamkia hurejea kwa vipindi vinavyojulikana. Edmond Halley alitambua kwamba zile zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682 zilikuwa moja, akatabiri kwamba ingerudi karibu na mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742, na nyotamkia ikaonekana tena Desemba 1758. Ilipita mara ya mwisho mwaka 1986, na inatazamiwa tena mwaka 2061.

Asteroidi

Asteroidi ya kwanza kugunduliwa ni Ceres. Giuseppe Piazzi aliiona akiwa Palermo tarehe 1 Januari 1801, na kwa miaka kadhaa ilihesabiwa kuwa sayari. Kipenyo chake ni kilomita takriban 940. Tangu mwaka 2006 imewekwa katika kundi la sayari kibete, ingawa ingali inatajwa kuwa gimba kubwa kuliko yote katika ukanda wa asteroidi. Hadi sasa zaidi ya asteroidi milioni moja zimeorodheshwa. Hata hivyo, zikijumlishwa zote zilizo katika ukanda huo, uzito wao haufikii hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi.

Si asteroidi zote zinazokaa katika ukanda huo. Baadhi zina obiti zinazokatiza karibu na njia ya Dunia, na hizo ndizo hufuatiliwa kwa uangalifu zaidi. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo DART cha Marekani kiligongeshwa makusudi kwenye Dimorphos, gimba dogo linaloizunguka asteroidi kubwa zaidi iitwayo Didymos. Muda wa mzunguko wake ulipungua kwa zaidi ya nusu saa, na ikathibitika kwamba njia ya gimba la namna hiyo inaweza kubadilishwa na mwanadamu.

Katika maandishi ya zamani asteroidi huitwa sayari ndogo. Istilahi hiyo inaeleweka, lakini ina utata wa aina mbili. Kwanza, inaweza kufahamika kuwa sayari kamili iliyo ndogo kwa umbo, kama ile iliyo karibu zaidi na Jua. Pili, hukaribiana mno na sayari kibete, ambayo sasa ina maana yake maalumu. Inafaa zaidi kutumia asteroidi katika maandishi ya leo na kuiacha sayari ndogo katika nukuu za vitabu vya awali.

Kimondo na maana zake tatu

Sayansi hutenganisha mambo matatu: kipande kinachoelea katika anga za juu, mwako kinaousababisha kinapoingia katika angahewa, na jiwe linalofika ardhini. Baadhi ya waandishi huyatenga kwa maneno ya kukopa, yaani meteoridi, meteori na meteoriti, kwa mpangilio huo. Kiswahili cha kawaida hutumia kimondo kwa yote matatu. Hilo si kosa mradi muktadha unaeleza, lakini katika maandishi ya kitaaluma au ya kisheria utata wake unaweza kupotosha.

Kipande kilicho bado angani ni kidogo kwa kawaida. Wanaastronomia hukiita asteroidi kinapozidi upana wa mita moja hivi, na huiweka chembe ndogo kabisa katika kundi la vumbi. Vipande hivyo huingia katika angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele ya kipande hubanwa ghafla na kupata joto kali, nacho huyeyuka na kutoa nuru. Vimondo vingi huonekana kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120, hudumu sekunde moja au mbili, na hutokana na chembe zisizozidi punje ya mchanga au mbegu ndogo. Havifiki chini.

Vichache hufika. Kwa jiwe lililofika ardhini, istilahi isiyo na utata ni jiwe la kimondo, wingi mawe ya vimondo. Mawe hayo ni ya aina kuu tatu: ya mwamba, ya chuma, na ya mchanganyiko wa viwili hivyo. Ya mwamba ndiyo huanguka kwa wingi. Ya chuma huwa machache, lakini hutambulika kwa urahisi kwa sababu ya uzito wake na kwa kuwa hayafanani na mawe ya mahali yanapopatikana.

Mfano mashuhuri katika Afrika ya Mashariki ni Kimondo cha Mbozi, kilichopo katika Mkoa wa Songwe, Tanzania. Kina urefu wa mita takriban 3, na makadirio ya uzito wake yanayotajwa sana ni tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Kilijulikana kwa wataalamu kutoka nje mwaka 1930. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeshuhudia kikianguka. Hapa neno kimondo limekuwa sehemu ya jina la pekee, na jina hilo halibadilishwi. Mfasiri anayeligeuza kuwa Asteroidi ya Mbozi au Nyotamkia ya Mbozi amekosea jina na maana kwa pamoja.

Mfano wa pili ni wa Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi ya kimondo kilichopasuka angani yaliuangukia mji huo na viunga vyake. Kipande kimoja chenye uzito wa gramu chache kiligonga jani la mgomba kwanza, kisha kikampiga mvulana kichwani bila kumjeruhi vibaya. Nchini Kenya, mawe ya kimondo yalianguka karibu na Thika tarehe 16 Julai 2011.

Gimba moja, majina matatu

Tukio la Sudan la mwaka 2008 linaonyesha kwa uwazi jinsi majina haya yanavyofuatana. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini iliyoko Arizona, Marekani, iligundua gimba lenye upana wa mita takriban 4, likapewa namba 2008 TC3. Hesabu zilionyesha kwamba lingeigonga Dunia katika muda usiofika siku moja. Hilo lilikuwa gimba la kwanza kuonekana katika anga za juu kabla ya kuanguka. Kwa saa hizo chache liliitwa asteroidi.

Alfajiri ya tarehe 7 Oktoba liliingia katika angahewa juu ya Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan, likawaka na kupasuka kwenye kimo cha kilomita 37 hivi. Katika sekunde hizo lilikuwa kimondo. Kuanzia Desemba mwaka huohuo, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakiwa pamoja na mwanaastronomia Peter Jenniskens, walilipekua jangwa kwa miguu na kuokota mamia ya vipande vyeusi. Vipande hivyo ni mawe ya kimondo, na huitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la stesheni ya reli iliyo karibu. Msomaji wa Kiswahili huitambua namba hiyo mara moja, kwa kuwa sita ya Kiswahili imetokana na Kiarabu.

Kwa hiyo tofauti kati ya nyotamkia na asteroidi ni ya umbile: kitu kimeundwa kwa nini, na hufanya nini kikilikaribia Jua. Tofauti kati ya asteroidi, kimondo na jiwe la kimondo ni ya mahali na hali: kitu kiko wapi, na kinapatwa na nini wakati huo. Nyotamkia pia huweza kuzaa vimondo. Vumbi linaloachwa na nyotamkia ya Halley ndilo husababisha manyunyu ya vimondo ya kila Mei na kila Oktoba, wakati Dunia inapokatiza njia yake.

Mipaka isiyo thabiti

Mgawanyo huu haukosi mapengo. Nyotamkia iliyomaliza barafu yake baada ya kulizunguka Jua mara nyingi haitoi tena mkia, na huonekana kama asteroidi. Kwa upande mwingine, manyunyu ya vimondo ya katikati ya Desemba hutokana na gimba Phaethon, linaloorodheshwa kuwa asteroidi, ingawa manyunyu mengi mengine hutokana na nyotamkia. Ceres nayo ina barafu nyingi ndani yake. Mwandishi afuate jina ambalo gimba husika limeorodheshwa nalo, bila kulibadilisha kwa kukisia.

Vitenzi vinavyoambatana na nomino hizi

Nyotamkia hukaribia, huonekana, hung'aa, hupita, hufifia na hurejea. Haianguki kwa kawaida, ingawa inaweza kugonga sayari: vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 viliigonga Mshtarii Julai 1994.

Asteroidi hugunduliwa, hufuatiliwa, huzunguka, hupita karibu na hugonga.

Kimondo huwaka, hukatiza anga, hupasuka na huzimika. Jiwe la kimondo huanguka, hupatikana, huokotwa na huhifadhiwa.

Upatanisho wa kisarufi nao uzingatiwe: nyotamkia hii imeonekana, nyotamkia hizi zimeonekana, asteroidi ile iligunduliwa, asteroidi zile ziligunduliwa, kimondo hiki kimewaka, vimondo hivi vimewaka, jiwe la kimondo limeokotwa, mawe ya vimondo yameokotwa.

Makosa ya kawaida

1. Kimondo cha Halley kitarejea mwaka 2061. Sahihi: Nyotamkia ya Halley itarejea mwaka 2061. Kimondo hakirejei, kwa kuwa mwako wake ndio mwisho wake.

2. Wanakijiji waliokota nyotamkia shambani. Sahihi: Wanakijiji waliokota jiwe la kimondo shambani.

3. Usiku huu kutakuwa na mvua ya asteroidi. Sahihi: Usiku huu kutakuwa na manyunyu ya vimondo. Mvua ya vimondo pia hutumika na si kosa, lakini humtia hofu msomaji asiyezoea, akadhani mawe yatanyesha. Katika manyunyu ya kila mwaka chembe huteketea juu sana. Katika tangazo kwa umma ni vema jambo hilo lielezwe kwa sentensi moja.

4. Nyotamkia ilikatiza anga kwa sekunde mbili. Sahihi: Kimondo kilikatiza anga kwa sekunde mbili.

Kosa la tatu na la nne yanaweza kuonekana madogo, lakini taarifa ya dharura haina nafasi ya utata. Tarehe 15 Februari 2013 asteroidi yenye upana wa mita takriban 20 iliingia katika angahewa juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, ikawaka na kupasuka. Mwanga ulifika kwanza, na wimbi la mshindo likafuata baada ya dakika moja na zaidi. Watu wengi walikuwa wamesogea madirishani kutazama, na wengi wa majeruhi wapatao 1,500 walikatwa na vioo vilivyovunjika. Tangazo linaloonya juu ya kimondo kikubwa kinachowaka humwambia mtu akae mbali na dirisha. Tangazo linalosema nyotamkia humwalika atoke nje akatazame. Katika hali ya namna hiyo uteuzi wa neno ni sehemu ya onyo lenyewe.

Mwongozo mfupi kwa mfasiri

Mfasiri anayekutana na kitu cha namna hii katika matini asilia ajiulize maswali matatu kwa mfuatano. Je, kitu hicho kiko katika anga za juu, katika angahewa au ardhini? Kikiwa ardhini, ni jiwe la kimondo. Kikiwa katika angahewa kinawaka, ni kimondo. Kikiwa bado katika anga za juu, je, kinatoa gesi na mkia? Kikitoa, ni nyotamkia. Kisipotoa, je, ni kikubwa kiasi cha kupewa jina au namba na wanaastronomia? Hapo ni asteroidi. Na kikiwa kidogo zaidi, ni kipande cha angani, au meteoridi kwa wanaopendelea neno la kukopa.

Istilahi ikishachaguliwa, ibaki ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa matini. Katika insha ya kawaida kubadilisha maneno huepusha kuchosha. Katika maandishi ya sayansi msomaji anayekuta kometi katika aya ya kwanza na nyotamkia katika aya ya pili ana haki ya kudhani kwamba anasoma habari za vitu viwili.